Kwa Nini Mabomba Huachana, na Namna ya Kuyafunga



Habari yangu ya leo ni ya bomba la maji. Najua ya kuwa wako watakaosema, "Bomba tunalijua; likifunguliwa hutoa maji, likifungwa hunyamaza." Lakini bomba lililofungwa halikunyamaza kabisa. Ndani yake mna nguvu kubwa isiyoonekana kwa macho, na mtu asiyeijua nguvu hiyo aweza kupoteza mali ya kijiji kizima, tena aweza kumdhulumu jirani yake pasipo kukusudia. Nitawaeleza jambo lililotokea katika milima yetu ya Usambara, kisha tutazame sababu yake pamoja.

Katika kijiji kimoja cha wilaya ya Lushoto watu walichanga fedha kwa muda mrefu, wakanunua mabomba ya chuma, wakaleta maji ya chemchemi kutoka juu ya mlima. Njiani palikuwa na korongo lenye kina. Bomba lilipitishwa juu ya nguzo, ng'ambo hata ng'ambo, na mwisho wa korongo likapinda kufuata ubavu wa kilima. Muda wa majuma matatu maji yalitiririka usiku na mchana, na kina mama wakasahau njia ya bondeni. Ndipo kamati ya maji ikaona ya kuwa maji mengi yanamwagika bure usiku. Ikaamuru koki kubwa iliyo karibu na kijiji ifungwe kila jioni, na kazi hiyo akapewa mzee mmoja aliyekuwa mlinzi.

Usiku wa kwanza mzee alifunga koki kama alivyoagizwa. Kulipokucha, bomba lilikuwa limeachana pale korongoni, na maji yote yamekwenda chini. Fundi akaja, akairudisha ncha ya bomba mahali pake, akachomelea vipande vidogo vya chuma pande mbili za kiungo, akavifunga kwa bolti. Koki ikafungwa tena. Usiku wa pili kipande kimoja kilibonyeza ukuta wa bomba, kikang'oka pamoja na kipande cha bomba lenyewe, na bomba likaachana tena.

Sasa watu wakaanza kunong'ona. Kila mara bomba linapoharibika, mlinzi ndiye aliyekuwa huko usiku. Tena ilijulikana ya kuwa mzee yule aliwahi kugombana na kamati kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wakasema, "Huyu ndiye anayelivuta bomba letu kwa chuki." Alinyang'anywa ufunguo, na wanawe wakakatazwa kuchota maji kwa majirani. Mzee mmoja wa kamati, mtu mwenye busara, akanijia, akasema, "Mwalimu, wewe unawafundisha vijana hesabu. Njoo utuonyeshe kama mtu mmoja aweza kulivuta bomba lile." Nilikwenda na wanafunzi wachache wa chuo, tukachukua kamba ya kupimia na daftari.

Basi na tuanze na uzito wa maji. Fikirini kijibomba kilichosimama wima, chenye upana wa sentimita moja kwa sentimita moja, na urefu wa mita kumi. Mkikijaza maji, maji hayo yatakuwa na uzito wa kilo moja. Kwa hiyo kila mita kumi za kushuka mlima huongeza kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba mle chini. Upana wa bomba si kitu katika jambo hili, wala mapindo ya njia si kitu. Kinachohesabiwa ni tofauti ya kimo tu. Kutoka mji wa Lushoto hata Mombo chini bondeni ni kushuka kwa zaidi ya mita 900. Kama bomba moja lingetoka Lushoto hata Mombo pasipo tangi la kupumzishia maji njiani, kisha likafungwa mwisho wake, kila sentimita ya mraba kule Mombo ingesukumwa kwa kilo 90 na zaidi. Ndiyo sababu katika nchi ya milima hujengwa matangi madogo njiani, maji yakaingia humo na kuanza upya safari yake bila ile nguvu ya juu.

Katika kijiji chetu tulipima, tukaona ya kuwa korongo liko mita 80 chini ya tangi. Kwa hiyo bomba likiwa limefungwa, nguvu ya maji pale ni kilo 8 juu ya kila sentimita ya mraba.

Angalieni sana neno hilo, "likiwa limefungwa." Maji yanapotiririka, sehemu ya nguvu yake hutumika njiani kwa kujisugua na kuta za bomba. Koki ikifungwa, maji husimama, msuguano hukoma, na ile nguvu ya mita 80 hukaa yote juu ya viungo. Hii ndiyo sababu bomba lilistahimili majuma matatu, nalo likashindwa usiku ule ule koki ilipofungwa. Si bomba hilo tu. Mabomba mengi huachana usiku, watu walipolala na koki zao zote zimefungwa.

Lakini je, nguvu hii hulivutaje bomba kwa urefu wake? Chukueni pampu ya baiskeli. Vuta mpini nje, ziba tundu la pampu kwa kidole, kisha usukume mpini ndani na kuuachilia. Mara mpini utarudi nje wenyewe. Hewa iliyobanwa husukuma pande zote, na kile kisichoshikwa huondoka. Katika bomba lililonyoka maji husukuma mbele na nyuma sawasawa, wala hatuoni kitu. Lakini penye mwisho uliozibwa, au penye kona, maji hukuta ukuta, na hapana kitu upande wa pili cha kulingana nayo. Hapo kona husukumwa nje, kama mtu aliyeketi pembeni mwa gari linalopinda kwa kasi; ila hapa kona husukumwa hata maji yakiwa yamesimama kimya.

Na kiungo kilikuwa cha namna gani? Kilikuwa cha namna ya bangili. Ncha mbili za bomba huingia katika bangili pana ya chuma, na kila upande kuna pete ya mpira inayobanwa kwa bolti. Ni kiungo chema sana. Huziba maji, huruhusu bomba kujinyoosha kidogo wakati wa jua, na hufunguliwa upesi wakati wa matengenezo. Lakini pete ya mpira kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Haikufanywa kulishika bomba lisitoke. Tulipotazama bangili ile, tulikuta bolti zake zote zimekazwa vile vile na pete zake zimo. Hapana mkono wa mtu uliozilegeza. Ncha ya bomba ilikuwa imeteleza tu, ikatoka.

Sasa hesabu yenyewe, nanyi wanafunzi mwaweza kuiandika. Unene wa bomba kwa nje ni sentimita 21.9. Twatumia kipimo cha nje, wala si cha ndani, kwa kuwa maji huizunguka ncha ya bomba hata kufika penye mpira. Nusu yake ni 10.95. Zidisha hiyo kwa hiyo yenyewe, kisha kwa 22, ugawanye kwa 7: utapata karibu sentimita 377 za mraba. Zidisha kwa kilo 8. Jibu ni kilo 3,016.

Nikawauliza wazee waliokuwapo, "Mfuko mmoja wa saruji una kilo ngapi?" Wakajibu, "Hamsini." Nikasema, "Basi maji yalilivuta bomba hili kwa uzito wa mifuko 60 ya saruji. Yuko mtu hapa awezaye kuvuta mifuko 60?" Wakanyamaza. Kisha mmoja akasema polepole, "Hata sisi sote tuliopo hapa hatuwezi." Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa mzee mlinzi katika lawama. Alikuwa ametii amri ya kamati, na nguvu iliyolivuta bomba ilitoka katika mlima.

Lakini kumtoa mtu katika lawama si kulitengeneza bomba. Tukauliza, nguvu hii tuishike kwa nini?

Njia ya kwanza ijulikanayo na wengi ni gogo la zege. Penye kona, zege humwagwa kati ya bomba na udongo usiochimbwa, na udongo ndio unaobeba. Kwa nguvu ya bomba letu, kona kamili ya nyuzi 90 husukumwa kwa kilo 4,265. Kona ya nyuzi 45 kwa kilo 2,308. Na kona ndogo ya nyuzi 22 na nusu kwa kilo 1,177. Udongo mgumu wa tambarare hubeba hayo vizuri. Lakini kando ya korongo udongo ni wa mteremko, na mvua za masika huulainisha. Gogo zito juu ya udongo unaoteleza laweza kuondoka pamoja na bomba lake.

Njia ya pili ni kuyachomelea mabomba yote yawe kitu kimoja. Hivyo ndivyo yafanywavyo mabomba makubwa ya mafuta. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima katika Uganda mpaka Chongoleani karibu na Tanga, katika mkoa wetu huu, lina urefu wa kilomita 1,443, na vipande vyake huungwa kwa kuchomelewa ncha kwa ncha. Hapo ukuta wa bomba wenyewe hubeba mvuto wote. Lakini kazi hiyo yataka mashine na mafundi katika kila kiungo. Tena chuma hurefuka kwa joto. Bomba la mita 100 likiwa juu ya nguzo, na joto likiongezeka nyuzi 20 toka alfajiri hata adhuhuri, litarefuka milimita 24. Mahali fulani lazima lipewe nafasi ya kujinyoosha.

Njia ya tatu ndiyo tuliyoichagua: kuacha bangili mahali pake, na kufunga bomba kwa bomba kwa masikio ya chuma na bolti ndefu zinazovuka juu ya bangili. Mnayajua masikio ya sufuria. Haya ni mfano wake, ila yamesimama juu ya bomba, yana tundu, na bolti hupita katika sikio la bomba hili na sikio la bomba lile. Bomba likitaka kutoka, bolti hulizuia.

Mtasema, "Mbona fundi wa kwanza alifanya hivyo, na bado likang'oka?" Swali hilo ni jema, na jibu lake ndilo kiini cha mazungumzo haya. Fundi hakukosa wazo. Alikosa kipimo.

Kwanza, sharti kupima kwa nguvu ya majaribio, wala si ile ya kila siku tu. Ni desturi njema kulijaribu bomba kwa nguvu moja na nusu kabla ya kulitumia, kwa sababu koki ikifungwa ghafula maji yaliyokuwa mwendoni hugonga kama nyundo. Kwa hiyo badala ya kilo 8 twahesabu 12, na mvuto unakuwa kilo 4,524, yaani mifuko 90 ya saruji.

Pili, bolti. Tuliweka mbili, moja kila upande, zikielekeana. Bolti ya upande mmoja tu hulifanya bomba lifunguke kama mlango penye bawaba. Kila bolti itabeba kilo 2,262. Bolti ya milimita 20, tukiipima penye mikato ya nati palipo pembamba, ina sentimita 2.45 za mraba. Gawanya, utapata kilo 923 kwa kila sentimita ya mraba. Chuma cha bolti ya kawaida huanza kunyooka pasipo kurudi kikifika karibu kilo 2,400. Basi imetumia chini ya nusu ya uwezo wake, na hiyo ndiyo akiba ipasayo, kwa maana mara nyingi bolti moja hubeba kuliko mwenzake.

Tatu, sikio lenyewe. Bolti haiwezi kulala juu ya ukuta wa bomba. Yapaswa kupita juu ya bangili. Katika kiungo chetu ilikuwa sentimita 7 toka ukutani. Kwa hiyo bolti hulivuta sikio kwa juu, na sikio hutaka kupinduka kuelekea kiungo, kama kisiki kinachovutwa kwa kamba iliyofungwa kileleni. Mguu wa mbele wa sikio hulibonyeza bomba, na mguu wa nyuma hutaka kung'oka. Zidisha 2,262 kwa 7, upate 15,834. Sikio lenye kitako cha sentimita 15 lina mkono wa kuzuia wa karibu sentimita 10, kwa hiyo kila mguu hupata kilo 1,583. Lakini masikio ya fundi wa kwanza yalikuwa na kitako cha sentimita 5. Mkono wake ni sentimita 3 na theluthi moja tu, na kila mguu hupata karibu kilo 4,750. Nguvu hiyo ilikuwa juu ya ukuta wa bomba wenye unene wa milimita tano. Basi ukuta ukabonyea, na sikio likang'oka na kipande chake. Mchomeleo ulikuwa mzima. Kilichoshindwa ni ukuta wa bomba chini yake.

Kwa sababu hiyo tulifanya hivi. Kila sikio lilikuwa na mabamba mawili ya ubavu, marefu sentimita 15, yamesimama kufuata urefu wa bomba, na bolti ikapita katikati yao. Mbele palikuwa na bamba nene lenye tundu la kupokea nati. Chini ya yote tuliweka tandiko, yaani bamba lililokunjwa kufuata mviringo wa bomba, lichomelewe kwanza pande zote, ili mzigo usiangukie mahali pamoja. Kwa mabomba yaliyo makubwa zaidi, mafundi huzungusha pete nzima ya chuma mbele na nyuma ya masikio, na bomba huzidi kuwa imara.

Nne, kazi ya moto. Pete za mpira zitolewe kabla ya kuchomelea, maana joto huziunguza, na kuvuja kwake hakuonekani mpaka baadaye. Bomba liwe halina maji. Kama lina rangi nyeupe ya zinki, ikwanguliwe mahali pa kuchomelea, na fundi asimame upande utokako upepo, kwa kuwa moshi wa zinki humdhuru mtu. Kazi ikiisha, mahali pale papakwe rangi, la sivyo kutu itakula sikio, na hesabu yetu yote itakuwa ya bure. Na nati zikazwe sawasawa, pasipo kuyavuta mabomba yakagongana ndani ya bangili. Lazima ibaki nafasi ya ule urefu wa jua.

Tano, na hili wengi hulisahau. Nguvu ikizuiwa katika kiungo kimoja haikutoweka. Imehamia katika bomba la pili, nayo itatafuta kiungo kinachofuata kisichofungwa. Mtu akifunga kiungo kilichoachana na kukiacha cha jirani, amehamisha msiba tu. Kwa hiyo tulifunga viungo vyote vya korongoni, kimoja baada ya kimoja, tukaendelea kila upande hata bomba lilipozikwa kwa urefu wa kutosha katika udongo ulioshindiliwa. Hapo ndipo ardhi hulishika bomba kwa msuguano wake, na mvuto ukaisha polepole.

Fundi yule yule wa kwanza ndiye aliyeifanya kazi hii. Hakuona haya kuuliza, wala hapana aliyemcheka. Siku ya majaribio bomba lilijazwa polepole ili hewa itoke, likapandishwa nguvu kwa pampu ya mkono, hata saa ya kipimo ikaonyesha kilo 12. Watu walisimama mbali kando ya korongo. Tulingoja saa mbili. Bolti zilinyoka, masikio yakakaa, na chini ya bangili hapakuwa na tone.

Jioni ile kamati ilikutana mbele ya watu. Mwenyekiti alisimama, akamwambia mzee mlinzi, "Baba, tulikukosea. Tulikuhukumu kabla ya kupima." Kisha akamrudishia ufunguo mbele ya wanawe. Mzee aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Nitafunga usiku huu kama mlivyoniagiza." Akaenda, akaizungusha koki polepole, kama alivyokuwa akifanya tangu mwanzo. Kulipokucha maji yalikuwapo.

Vijana wangu, wazee wetu wa Usambara walijua kuongoza maji kwa mifereji ya udongo kando ya vilima, na mfereji husamehe makosa kwa kumwaga maji njiani. Bomba haliyasamehe, huyaweka mpaka usiku. Pale kijijini penu palipo na bomba lipitalo juu ya korongo, nendeni na kamba na daftari. Pimeni kimo toka tangini, pimeni unene wa bomba, fanyeni hesabu niliyowapa, kisha tazameni kama viungo vimefungwa. Mkiona havikufungwa, mwambieni mwenyekiti wa kamati leo, kabla ya koki kufungwa.